Ni Fundi Tu

"Chanuo, huyu dada unamfahamu?"

Aliyeuliza ni Mzee Kipara, mwenye saluni, mtu ambaye kichwani mwake hapakuwa na unywele hata wa dawa, na wateja hawakuchoka kumtania kwamba anauza asichotumia. Saluni nzima ikageuka kusubiri jibu. Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma mkononi mwa kijana aliyeulizwa, nywele za mteja zimemrukia hadi kwenye nyusi, na lile chanuo la mbao lililompa jina limechomekwa kichwani kama kawaida yake.

Dada mwenyewe alikuwa amesimama karibu na mlango, mwembamba, amekumbatia mfuko wa vitambaa vya kufunikia wateja. Alikuwa amevishona mwenyewe, pindo limelala vizuri, kamba za shingoni zimetiwa mishono miwili miwili zisikatike. Kanisani walimwita Sindano kwa wembamba wake na kwa kazi yake ya ushonaji. Na huyo Sindano alikuwa mchumba wa Chanuo. Jumapili inayofuata mchungaji alikuwa asimame kutangaza ndoa yao.

Lakini pale saluni hakuna aliyejua. Hawakujua kuna uchumba, wala hawakujua kama Chanuo anakanyaga kanisani.

Kisa kilianzia kwa mteja aliyekuwa kwenye kiti, dereva wa lori, mtu wa kifua kipana na sauti nzito. Alikuwa ameeleza kwamba mke wake amelazwa, tumbo limemsumbua, na madaktari hawampi jibu la kueleweka. Watu wakampa pole, kisha wakarudi kwenye mpira. Sindano hakurudi kwenye mpira.

"Kaka, pole sana," alisema. "Ukiniruhusu, ningemwombea mkeo kwa jina la Yesu. Hata hapa hapa."

Basi wee! Ungedhani kamwaga maji ya moto.

"Tumeletewa kanisa mlangoni!"

"Sadaka tuweke kwenye beseni la povu?"

"Mama mchungaji, mimi niombee nywele ziote mbele!"

Ndipo Mzee Kipara akauliza lile swali. Chanuo akahisi masikio yanawaka moto. Akainamia kisogo cha Dereva kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea humo.

"Huyu? Ni fundi tu," alisema. "Ameleta vitambaa."

"Afadhali. Maana hapa kwangu dini zinaachwa nje na miavuli. Watu wanataka kunyoa na kucheka."

Sindano alimtazama Chanuo jinsi anavyotazama mshono uliofumuka, bila hasira, akitafuta tu ulipoanzia. Kisha akamgeukia Dereva.

"Kaka, mimi nilikuuliza wewe."

Dereva akajitazama kwenye kioo. "Omba tu, dada. Maombi hayajamuua mtu."

Sindano akafumba macho akaomba. Yalikuwa maombi mafupi, ya sauti ndogo, na vidole vyake vilikuwa vimeubana ule mfuko mpaka vimepauka. Alipomaliza, akaweka vitambaa juu ya benchi.

"Fundi amefika, fundi anaondoka," alisema, akatoka.

"Mtu mzuri yule," Dereva akasema chini ya kitambaa. "Anaitwa nani?"

"Sijui," akajibu Chanuo. Hata yeye mwenyewe alishangaa jinsi neno lilivyotoka kirahisi.

*

Jioni, simu ikalia mlio wa ujumbe.

"Vitambaa vimetosha?"

Chanuo akaandika haraka: "Vimetosha mpenzi. Nisamehe kwa leo. Si unamjua Kipara alivyo."

"Kipara namjua. Wewe ndiye nisiyekujua."

Akapiga. Iliita weee, ikapokelewa.

"Sindano, nisikilize. Wangenicheka mwaka mzima."

"Mimi walinicheka, mbona niko hai?"

"Wewe uliondoka. Mimi nashinda nao kutwa."

"Jumapili unaimba mpaka mishipa ya shingo inasimama. Unasema umeokoka, unasema hutamwacha Yesu. Jumatatu mtu anauliza swali dogo, sauti yote imekwenda wapi?"

"Imani iko moyoni, mpenzi."

"Na mimi niko moyoni? Kwa sababu mimi nilikuwa mlangoni pale, unaniona, na bado nikawa fundi tu."

Upande wa pili Chanuo akasikia cherehani imesimama.

"Nimeongea na mchungaji," Sindano akasema taratibu. "Nimemwomba asitutangaze kwanza."

"Unaniacha?"

"Sijasema nakuacha. Chanuo wako wawili, wa kanisani na wa saluni. Nataka kujua naolewa na yupi, maana nyumbani kwangu ataingia mmoja."

Simu ikakatika. Chanuo akabaki ameishika sikioni kama mjinga.

*

Kesho yake, kabla ya kazi, alikwenda kwa shangazi yake Sindano, aliyemlea tangu akiwa hajui kutembea. Shangazi hakumkaribisha ndani. Ila alimtolea kiti akakiweka nje ya mlango, akakipangusa kwa kanga, kisha yeye akaketi kizingitini na beseni lake la maharage akiyachambua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, kinyozi. Nisikuite mkwe kwanza, nasikia hatujuani."

"Shangazi, nimekosa."

"Umekosa, ndiyo. Na mimi nilishajisifu kwa majirani. Nilishapata na kitambaa cha gauni, kina maua makubwa hivi, nikikaa kiti cha mbele mchungaji mwenyewe atasahau maneno. Sasa nikivae wapi? Sokoni?"

Chanuo akataka kucheka, akaona si mahali pake.

"Nikuulize," shangazi akaendelea, akitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage. "Ulipomkana huyu mtoto, ulimkana peke yake?"

Kijana akainama. "Hapana. Nilimkana na Yesu wake."

"Yesu wake? Si wako?"

"Na wangu, shangazi."

"Haya. Maana nilidhani mwenzetu umehama." Akachambua kidogo. "Unadhani yule binti ni jasiri? Jana karudi hapa anatetemeka. Kajichoma sindano kidole hiki, akajichoma na hiki, mpaka nikamnyang'anya kazi. Tangu utoto haya imemjaa. Akitumwa chumvi kwa jirani, anarudi bila chumvi kwa kuogopa kubisha hodi."

"Sasa anawezaje?"

"Anasema hivyo hivyo akiwa anatetemeka. Basi. Nenda kazini, utachelewa."

*

Chanuo alifika saluni amejaa moto, na moto usio na akili huunguza mwenye nao. Mteja wa kwanza alikuwa fundi bomba, aliyekuja kunyoa ndevu. Chanuo alimlaza kichwa nyuma, akampaka povu hadi chini ya masikio, akafungua wembe. Na hapo, wembe ukiwa kwenye koromeo la mtu, akaanza.

"Kaka, unajua kwamba Yesu anakupenda?"

Fundi bomba akatoa macho.

"Ukifa leo utakwenda wapi?"

"Mmh!"

"Uko tayari kutubu?"

"Mmh! Mmh!"

Ule wembe ulipotoka tu, mtu aliruka kitini, povu shavu moja, kitambaa kimemning'inia kifuani kama bibu ya mtoto.

"Jamani, niokoeni! Huyu ananiuliza nikifa leo, na mwenye wembe ni yeye! Ningekataa vipi?"

Saluni ikaanguka kwa vicheko. Mwingine alilala kwenye benchi akajishika mbavu. Mzee Kipara peke yake hakucheka.

"Chanuo, njoo hapa. Umeingiwa na nini?"

"Nimeokoka, mzee."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Nilikuwa naficha."

"Basi endelea kuficha. Ukirudia kuwatisha wateja wangu, kusanya mashine yako utafute kiti kwingine. Umenielewa?"

Alielewa. Akammalizia fundi bomba shavu la pili, fundi bomba naye akimchunga kwa jicho moja. Kutwa nzima jina lake likawa "Tubu". Tubu, lete taulo. Tubu, zima feni. Akiwa anafagia nywele sakafuni, akawaza kwamba amejaribu, imeshindikana, Mungu mwenyewe ameona. Lakini moyoni alijua. Alikuwa amemshika mtu kwa wembe ili asilazimike kumwangalia usoni wakati anasema.

*

Dereva alirudi baada ya siku chache. Hakukaa kwenye kiti. Alisimama katikati ya saluni, kofia mkononi, macho mekundu.

"Yule dada aliyeomba siku ile," alisema. "Nampata wapi?"

Mpira ukakatika midomoni mwa watu.

"Kulikoni?" akauliza Mzee Kipara.

"Mke wangu wanampasua kesho. Usiku kucha ananiambia anaogopa, na mimi sina la kumwambia. Nikamsimulia kuhusu yule dada. Akasema, mtafute. Ndiyo nimekuja. Nani anamfahamu?"

Swali likawa lile lile tena, na watu wale wale.

Chanuo alikuwa na mteja kichwa nusu, na fundi bomba alikuwa benchini akipiga soga. Akazima mashine. Akakunja wembe uliokuwa umelala wazi, akauweka rafuni mbali na mkono wake. Akapangusa viganja kwenye aproni. Bado alikuwa anaogopa, akakumbuka vidole vya Sindano vilivyoubana mfuko.

"Mimi namfahamu," alisema. "Ni mchumba wangu. Siku ile nilisema ni fundi tu. Nilisema uongo, kwa sababu niliona haya. Mnisamehe."

"Tubu katubu!" mtu akachomekea, lakini hakuna aliyecheka sana.

"Mzee, nitakusanya vitu vyangu ukitaka," Chanuo akamwambia Kipara. "Lakini huyu kaka kauliza, siwezi kunyamaza tena. Mimi ni mtu wa Yesu. Alikufa kwa ajili yangu hadharani, mchana kweupe, watu wakimcheka, na hakunionea haya. Akafufuka, yuko hai. Mimi nikashindwa kumtaja mbele ya kioo na mikasi."

Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akainuka benchini. "Mimi nilifuata nywele," akasema, akatoka. Mzee Kipara akamsindikiza kwa macho mpaka barabarani. Kisha akamtazama Chanuo.

"Wembe uko wapi leo?"

"Rafuni, mzee."

Kipara akanyoosha mkono akazima redio. "Haya. Asiyetaka, mlango anauona."

Chanuo akapiga simu, akaiweka sauti ya juu ili Dereva asikie.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya Sindano, na cherehani nyuma yake.

"Sindano, ni mimi. Niko saluni, wote wanakusikia."

Cherehani ikanyamaza. "Wote nani?"

"Mzee Kipara, fundi bomba, kila mtu. Nimewaambia wewe ni mchumba wangu na mimi nimeokoka. Yule kaka mwenye lori amerudi. Mkewe anapasuliwa kesho, anakutafuta umwombee."

Pua ikasikika ikivutwa.

"Kaka, pole," alisema. "Nitakuja hospitali leo hii nikae na mkeo, niambie wodi tu. Lakini kwa sasa hapo mbele yako yuko mtu anayejua kuomba. Chanuo?"

"Naam."

"Mdomo unao?"

"Ninao."

"Basi omba. Na mimi naitikia huku."

Akaomba. Hayakuwa maombi ya kupendeza kama ya Jumapili. Alikwama, akarudia, akasahau kumuuliza Dereva jina la mkewe, ikabidi asimame katikati aulize. Dereva alilia waziwazi, kofia usoni. Na mwisho, "amina" ya Sindano ilipotoka kwenye simu, ikafuatwa na nyingine nzito kutoka upande wa redio. Fundi bomba akageuka kutazama. Mzee Kipara akajifanya anakohoa.

*

Mke wa Dereva alitoka salama kwenye upasuaji. Sindano alikuwa kando ya kitanda chake alipofumbua macho, na baadaye Chanuo akawa anafika jioni kumnyoa Dereva pale pale nje ya wodi, kwa sababu alisema hatoki mpaka watoke wote.

Jumapili ilipofika, Sindano akiwa ameshamwambia mchungaji sasa awatangaze, mchungaji akasoma majina, kisha akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Shangazi, kiti cha mbele, maua makubwa mwili mzima, akageuka kutazama nyuma kwa macho ya kuzuia pingamizi lolote.

Mkono ukainuka benchi la mwisho. Sindano akashika moyo.

"Mimi sina pingamizi," akasema Mzee Kipara, kichwa kinang'aa. "Nauliza tu, harusi isiwe Jumamosi asubuhi. Ndiyo saa ya wateja."

Kanisa likacheka mpaka mchungaji akavua miwani.

Walipotoka nje, Kipara akawaendea, fundi bomba na Dereva nyuma yake. Akamkonyeza Sindano, akamwonyesha Chanuo kwa kidole.

"Dada, samahani. Huyu kijana unamfahamu?"

Sindano akamtazama Chanuo juu mpaka chini, taratibu, kama anampima kanzu.

"Huyu?" alisema. "Ni kinyozi tu."

Akamwacha ateseke kidogo. Kisha akachomoa lile chanuo kichwani mwake, akalitia kwenye mkoba wake, akamshika mkono mbele ya kanisa zima.

"Ila ni wangu," alisema.