Zero Aliyoandika Éliakim

Mwaka wa 2002, kwenye parking ya Beni, katikati ya magunia na kelele za wachuuzi, Éliakim alikanyaga kiatu cheupe cha muuguzi.

"Papa, parking yote hii, unaona tu kiatu yangu?"

"Nilikuwa naangalia juu, mademoiselle. Makosa ni ya uso yako."

Orpa alicheka, akakaza kitenge chake cha manjano. Alikuwa muuguzi Mabalako. Éliakim alikuwa karani wa depo moja ya Butembo iliyonunua utomvu wa papai, na siku ile alikuwa anaelekea hukohuko Mabalako.

Utomvu ule uliuzwa kwa kampuni ya Ulaya yenye hisa kwenye bourse, soko la hisa la huko. Sheria mpya ya kwao iliilazimisha kueleza kila mwaka, mbali na faida, namna inavyotendea watu na udongo. Éliakim alitumwa na karatasi ya maswali. Moja liliuliza: ni wangapi wameumia kazini?

Orpa alimpa majina thelathini na moja, ya wanawake wavunaji ambao utomvu ulikuwa umewala ngozi ya vidole.

Tangu hapo walizungumza kwa phonie, redio ya mawasiliano, kila Alhamisi, kila mmoja akimaliza kwa "À toi", yaani zamu yako, waendesha mitambo wakisikiliza na kucheka.

"Ulikula, chérie? À toi."

"Nilikula, lakini sauti yako ndiyo inashibisha. À toi."

Lakini Henri, mkubwa wa depo, alisukuma ile orodha kando. "Ukiandika hii, bale ba Ulaya batanunua kwingine. Vita inatumaliza, na sasa wewe unataka batu balale njaa?"

Éliakim akaandika zero. Kwa Orpa hakusema neno.

Mwaka uliofuata kampuni ilituma ripoti yake hadi kituo cha afya, karatasi laini zenye picha za mapapai. Alhamisi ile Orpa hakusalimia.

"Nasoma hapa: hakuna mutu aliumia. Ni wewe uliandika? À toi."

"Orpa, niliogopa..."

"Ile mikono nilifunga miye, moja moja. Ungeniambia, tungeogopa wote wawili."

Phonie ikabaki kukoroma.

Éliakim aliwaandikia wakaguzi wa kampuni, akaambatanisha majina yote. Henri akamfukuza. Barabara iliyofungwa na vita ilipofunguka, alishuka Mabalako, akamkuta Orpa kati ya wakimbizi waliofika wakitoka Ituri, akichemsha bandeji.

"Nimesema kweli, Orpa. Kazi imeisha. Nimekuja kukuposa."

Orpa alifuta mikono polepole.

"Ulifanya muzuri. Na bado nakupenda, nisikudanganye. Mais tukioana, kila siku utasema 'hakuna kitu', na miye nitatafuta chenye unaficha. Hapana, Éliakim. Hiyo si nyumba."

Wiki ile Orpa alihamia kituo cha afya cha Kamango.

Éliakim alioa miaka sita baadaye, mwanamke mwema wa Musienene. Hakumficha kitu, hata jina la Orpa.