Hodi Ukutani

Marijani, rafiki yangu fundi rangi, si muoga hata kidogo, kwa hiyo msimcheke. Bi Najat alimwita Mwananyamala akaipake rangi nyumba ya zamani ya familia yao. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa umeota ukungu mweusi mpaka darini.

"Fundi, usinipakie rangi juu ya uchafu huo," akamwambia, akaondoka.

Marijani akafunga dirisha la mbao mvua isiingie, akaupaka ukuta maji ya jiki, akaanza kuukwangua kwa brashi ya waya. Mara umeme ukakatika, chumba kikawa giza totoro. Akasimamisha mkono.

Mkwaruzo ukaendelea, ndani ya ukuta.

Nje ya ukuta ule nyumba ya jirani imesogea karibu mno, hata paka hapiti. Mkwaruzo ukakoma. Pakagongwa, taratibu.

"Hodi."

Sauti ya bibi kizee. Si mnajua tulivyolelewa? Ulimi ukamtangulia Marijani.

"Shikamoo, bibi. Karibu ndani."

Halafu akasikia, "Marahaba, mjukuu wangu."

Jibu lilitokea nyuma yake, pamoja na pumzi ya baridi shingoni, inanuka ukungu.