Minyoo wa Shangazi

Kila siku baada ya masomo, Kijino alipitia maabara ya chuo, alikofanya kazi shangazi yake. Jina hilo alilipata kwa jino lake la mbele lililotangulia wenzake. Kazi yake ilikuwa kuosha sahani ndogo za kioo, kwa sharti moja: sabuni mara moja, maji safi mara saba.

Siku ile shangazi alimwita kwenye hadubini. "Njoo uwaone wageni wangu."

Kijino aliinama. Aliona ukungu, kisha kiumbe kisichozidi ukucha kwa urefu, kikijinyonganyonga. Akatazama tena. Walikuwa wawili! Dume bapa alikuwa amejikunja kwa urefu wake wote, na ndani ya mkunjo ule alilala jike, mwembamba kama uzi.

"Shangazi, wamekumbatiana!"

"Minyoo wa kichocho hao. Wakiwa wachanga hutoka kwenye konokono wa bwawani, wakapenya ngozi ya anayeoga. Wakikua hushikana hivyo ndani ya mishipa ya damu kwa miaka. Jike hutaga kila siku, na mayai yake ndiyo yanayoharibu ini."

Kijino aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini. Baba yake, kaka wa shangazi, alifariki mwaka juzi, tumbo limejaa maji. Alikuwa amechelewa kupimwa.

"Wadogo hivi ndio waliomwangusha baba?"

"Ndio hao, mwanangu." Shangazi alifuta miwani iliyokuwa safi tayari. Kisha akaonyesha chupa mbili, moja ya maji ya mwani mwekundu, nyingine ya mwani wa kijani. "Dawa ipo, na inatibu. Lakini ni moja tu, kama mlinzi mmoja getini; akichoka je? Mwani hauna miguu ya kukimbia wala meno ya kuuma, basi hujitengenezea sumu ya kujilinda. Nataka kujua kama ipo inayomweza mnyoo."

Kijino alikwenda kuosha sahani za jaribio. Mara dirishani kikatokea kichwa cha rafiki yake wa darasani.

"Wewe daktari wa sabuni! Utatoka leo au kesho kutwa? Kamba tumeshaifunga, tunakungoja wewe uruke!"

Kijino alicheka. Akasuuza mara moja, akapanga sahani, akakimbia.

Kesho yake alimkuta shangazi akiwa na machozi ya furaha. Katika sahani za mwani mwekundu minyoo wote walikuwa wamekufa. Za mwani wa kijani, wote pia. Katika sahani isiyotiwa mwani, ambayo shangazi aliiosha mwenyewe, walikuwa wakicheza kama kawaida.

"Mwani wa aina zote mbili! Laiti kaka yangu angekuwepo!"

Kijino alizikumbuka sahani alizosuuza haraka. Akisema, furaha ile itazimika. Asiposema, nani atajua? Alimtazama shangazi akiandika matokeo, akashindwa kuvumilia.

"Shangazi, acha kuandika. Sahani nilisuuza mara moja tu. Labda ni sabuni iliyowaua."

Kalamu ilisimama. Shangazi akachora mstari juu ya ukurasa wote.

"Haya. Kunja mikono ya shati. Tunaanza upya."

Safari hii Kijino alihesabu kwa sauti hadi saba, kila sahani.

Baada ya siku mbili walitazama pamoja. Kwenye mwani wa kijani, minyoo walijinyonganyonga kana kwamba hawana habari. Kwenye mwani mwekundu, madume walikuwa wamekunjuka kama mikeka iliyotandikwa. Majike walilala kando, peke yao, wametulia.

"Wameachana," Kijino alinong'ona, nywele zikimsimama. "Mmea usio na mikono umewaachanisha!"

"Kwenye sahani tu. Mpaka iwe dawa, kazi bado ni kubwa," shangazi alisema. Akamshika bega. "Ila nikuambie jambo. Ungenyamaza, ningepoteza miaka nikiuhangaikia mwani wa kijani, ambao haujamfanya mnyoo lolote. Uvivu wako uliniharibia siku nzima. Ukweli wako umeniokolea miaka. Ukikosea, sema mapema, hata kama unayemwambia atalia."

Akamsogezea daftari. "Andika wewe. Andika ulichokiona, wala usiongeze."