Aliyekosa Pa Kukaa

Viti vyote vya lile basi vilikuwa na vumbi la kuandikika kwa kidole, isipokuwa kimoja. Cha nyuma kabisa, upande wa kushoto, dirishani. Hicho kilikuwa safi, na sponji yake ilikuwa imebonyea katikati, kana kwamba aliyekikalia ameinuka sasa hivi tu kuwapisha wageni. Mama Kibonge alikigusa kwa kiganja. Kilikuwa na joto.

"Baba Kibonge, njoo ushike hapa."

Mumewe alikuwa uvunguni, anagongagonga chuma cha chini kama mtu anayechagua tikiti maji. "Jua hilo," alijibu bila kutoka. "Basi zima vioo, ulitegemea kiti kiwe barafu?"

Jua lilikuwa upande wa pili. Aliliona, akanyamaza, kwa sababu siku ile mumewe alikuwa na furaha, na furaha ya yule bwana haikuwa kitu cha kuokota njiani. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, akifuata kazi huku na kule, na kila nyumba waliyopanga mwenye nyumba hakukosa neno: mara kelele za mashine, mara nepi zimejaa kamba nzima, mara mama yako mzazi anawasema wapangaji wenzake. Sasa alikuwa amelipata basi la shule iliyofungwa, limeoza matairi uani, rangi ya njano imechujuka mpaka kuwa kama maziwa yaliyolala.

"Nyumba yenye magurudumu," alisema, anajifuta oili usoni. "Mwenye nyumba akituudhi, tunatia gia."

"Mwenye nyumba si utakuwa wewe?" mama yake akamuuliza kutoka mlangoni, amempakata mjukuu. "Utajiudhi mwenyewe, ujihame?"

Wakacheka wote, hata Mama Kibonge, ambaye kiganja chake kilikuwa bado kina joto.

Kung'oa viti kulikuwa kazi ya watu wazima. Boliti zilikuwa zimeshikana na kutu, fundi akazikata kwa mashine, cheche zinaruka mpaka barabarani. Alipofika kwenye kile cha nyuma aliinama na mashine yake, halafu akaizima. Boliti zilitoka kwa vidole tu, kama meno ya utoto. Vyuma vyake alivitumia kuunda meza ya jiko la gesi na ngazi ya mlangoni, na sponji akaitupa kwenye pipa pamoja na nyingine, akawasha moto. Moshi wa viti vingine ulipanda. Moshi wa kile ulirudi, ukaingia mlangoni kwa kutambaa, ukaenda moja kwa moja mpaka nyuma, na ndani mkanuka nywele zilizoungua, na juu ya nywele kitu kingine, kama nguo mbichi iliyofungiwa mfukoni mpaka ikasahaulika.

"Upepo," alisema fundi.

Pale kilipokuwa kiti, akajenga kitanda cha mtoto.

Nyumba ilitoka nzuri, tusimnyime mtu haki yake. Mbao ukutani, zulia la plastiki chini, mapazia ya maua, tangi la maji juu ya paa, matairi mapya, injini imefufuliwa. Mama Kibonge aliosha vyombo akitazama barabara kupitia kioo cha mbele, akajiona malkia. Ndipo mchana mmoja, mikono yake ikiwa kwenye povu, akasikia nyuma yake: *fsss*. Ile sauti ya kiti cha ngozi mtu anapojitupa juu yake, hewa inatoka kwenye sponji taratibu. Akageuka. Kiti kilichobaki humo kilikuwa cha dereva, na hicho kilikuwa mbele ya macho yake. Nyuma palikuwa na dumu la maji, limejaa, na ubavu wake ulikuwa umebonyea kwa ndani.

Siku zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo, leo ndoo ya nguo, kesho godoro lao, kama mtu anayejaribu viti dukani na havimpendezi. Halafu fundi akainama kuchomelea, mgongo ukagoma kunyooka jioni nzima. Akajikung'uta, akasimama, akacheka: "Uzee umenikuta kijana." Mama mkwe akazinduka usingizini analalamika ameota kapakata gunia, akalisukuma, akalitukana matusi mawili matatu, likaondoka.

Mtu mzima huinuka, akajikung'uta. Mtoto mchanga anayejua kugeuza shingo tu, atainukia wapi?

Kibonge akaanza kuwa mzito.

"Mjukuu wangu chuma huyo," mama mkwe alijisifu. "Kafanana na baba yake."

"Mama, mimi mikono inaniuma. Siyo kawaida."

"Wewe ulizoea kubeba simu. Mtoto mwenye afya unamwita mzigo?"

Kliniki wakamning'iniza kwenye mzani. Muuguzi akatazama mshale, akaugonga kwa ukucha, akatazama tena. Halafu akamtazama Mama Kibonge toka ushungi mpaka kandambili, kwa jicho lile wanalotupiwa wasichana waliozaa mapema.

"Unamnyonyesha kweli huyu? Amepungua. Amepungua sana, mama."

"Amepungua?"

"Mshale hauna ugomvi na wewe. Mlishe mtoto."

Akarudi naye mgongoni, na kila hatua magoti yake yalitetemeka kama ya mtu aliyebeba mfuko wa saruji, na alipopita kwenye kioo cha duka akajitazama, na kanga ilikuwa imeshuka mpaka kiunoni, imevutika, imekazana, na juu ya kichwa kidogo cha Kibonge nyuma yake hapakuwa na kitu, hakika hapakuwa na kitu, ila nywele za mtoto zilikuwa zimelala bapa, kama majani pale ng'ombe alipolala.

Mvua ikanyesha siku ile mchana, mvua ya kupiga bati mpaka husikii neno la mwenzako. Fundi alikuwa kazini. Mama Kibonge alimlaza mtoto, akaenda kufunga madirisha, na aliporudi aliona blanketi juu ya kifua cha mwanawe limedidimia, duara kubwa, limezama kama unga uliokandamizwa na bakuli, na Kibonge amefumbua macho, halii, hana pumzi ya kulilia, anamtazama mama yake tu, na midomo imekuwa na rangi ya zabibu, na kutoka mdomoni mwake, si kwenye sponji wala godoro, mdomoni mwa mtoto wake wa kumzaa, ikatoka ile sauti, *fsss*, taratibu, mpaka mwisho, akamrukia, akatia mikono chini ya makwapa yake avute, na hakuinuka, akavuta tena mpaka viungo vya mtoto vikalia, na hakuinuka, akapiga hewa ngumi, akapiga kitanda, akapiga kelele ambazo mvua ilizimeza zote, mpaka mama mkwe alipoingia na ndoo yake akasimama akiangalia.

"Mshike, mama! Nisaidie!"

Yule bibi akamshika mjukuu wake. Akavuta. Ndoo ikamponyoka ikamwagika hadi mbele kwenye kiti cha dereva.

"Nimpigie mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, na tangu aolewe Mama Kibonge hakuwahi kuisikia sauti ile.

Fundi alirudi mbio, na mganga aliyemwita akafika kwa pikipiki, mwanamke mnene, kofia ngumu bado kichwani, chupa ya chai kwapani. Alipita katikati ya basi akinusanusa, akasimama pale nyuma. Mtoto alikuwa anavuta pumzi moja, anapumzika, anavuta nyingine.

"Kiti kiko wapi?"

"Kipi? Vilikuwa vingi," fundi akasema.

"Nina sura ya kutaniwa mimi?"

Fundi akatazama zulia. "Nimekichoma."

"Jini huyu hakuwa na shari na mtu. Basi limekufa, watu wamelitupa, yeye akajikalia zake dirishani." Mganga akavua kofia. "Umemwondoa mwenzako kitini, hujamwambia hata samahani, ukamwekea mtoto hapo hapo. Ulitaka akae wapi?"

Fundi alitengeneza kiti kipya jioni ile ile. Hakuwahi kuchomelea kwa haraka namna ile. Akakata sponji, akaivisha ngozi, wakakiweka mbele ya kitanda. Wakasubiri. Mganga akanywa chai. Akaweka kiganja kitini, akatikisa kichwa.

"Baridi. Hakitaki. Ameshaonja joto la mtu. Wewe ukishalala godoroni utarudi kwenye sakafu?"

"Basi mfukuze!" Mama Kibonge alisema. "Si ndiyo kazi yako?"

"Hana kwao, mwanangu, nitamfukuzia wapi? Atahamia kwa mtu mwingine tu, tena aliyemkaribisha kwa kinywa chake mwenyewe. Mtu mzima atambeba miaka. Huyu mdogo hafiki asubuhi."

Mama Kibonge alimtazama mumewe. Mumewe alitazama mikono yake.

"Mimi nikikaliwa," akasema taratibu, "nani atachomelea? Mtakula nini?"

"Baba Kibonge."

"Naongea ukweli tu. Mgongo wangu ndiyo nyumba yenyewe hii."

"Mimi magoti haya nayaburuza," mama mkwe akadakia kabla hajaulizwa. "Na mtoto ana mama yake. Au amezaliwa na mlango?"

"Hata kujaribu? Hata neno moja tu useme, mume wangu, tuone kama..."

"Ngoja niangalie tairi la mbele," alisema fundi. "Naona kama linapungua upepo." Akashuka. Nje akasikika akilipiga tairi teke, mara moja, na tena, na tena, kama mtu anayetaka asikike kwamba yuko mbali.

Kibonge alivuta pumzi, akapumzika, na mapumziko yale yakawa marefu.

Mama Kibonge akaketi chini sakafuni, akanyoosha miguu, akatandaza kanga mapajani vizuri kama anayemwandalia mgeni. "Karibu," akasema. Meno yalikuwa yanagongana. "Karibu ukae kwangu. Hapa pana nafasi. Mwachie mwanangu."

Blanketi likainuka. Lilipanda polepole kifuani kwa mtoto, likawa tambarare. Ubao wa sakafu ukalia mara moja, karibu na kitanda. Halafu ukalia hapa, mbele yake kabisa, na ile harufu ya nguo mbichi ikamjaa puani, na akahisi kitu kikigeuka, bila haraka, kumpa mgongo, jinsi mtu anavyojigeuza kabla hajakaa. Kisha uzito ukashuka mapajani, mzito, wenye joto, ukasogea huku, ukasogea kule, ukatulia.

Kibonge akalia. Kilio kile cha mtoto mwenye hasira na njaa, kilio cha mapafu mazima. Mama yake akacheka machozi yakimtoka, akanyoosha mikono. "Nipeni. Nipeni ninyonyeshe, njoo kwa mama, njoo."

Mganga akampiga kofi mikononi.

"Una wazimu? Mapaja hayo yana mwenyewe. Mtoto akigusa hapo atamrudia, na mara hii hata akikaribishwa na mwingine hatakubali."

"Mpaka lini?"

Mganga alikuwa anavaa kofia yake. "Wewe ulitaka mtoto aishi. Ataishi. Kumpakata hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungesemaje?"

"Ningenyamaza," alisema mganga. "Nani mwingine angekubali?"

Wakahama mji ule. Fundi alikuwa mwenye nyumba sasa, alitia gia alipotaka, kazi ikiisha hapa wanaamkia pale. Nyuma, dirishani, walimkalisha mke wake juu ya kiti kipya, na kila walipopanda mlima basi lilipumua kama lina abiria wengi. Hakuweza kusimama bila kushikiliwa na watu wawili. Maziwa yalimjaa, yakamuuma, yakakauka. Kibonge alinyonya chupa mapajani kwa bibi yake, akarudisha mashavu, akaota jino, akajifunza kutambaa, na yote hayo mama yake aliyaona kwa umbali wa hatua chache, kama mtu anayetazama harusi ya wengine kupitia kwenye ua.

"Unanenepa wewe," mama mkwe alimwambia, anamlisha uji kwa kijiko kirefu. "Kukaa tu kutwa nzima. Wengine tunalea."

Mchana mmoja yule bibi alishuka kuanika nguo. Kibonge alikuwa sakafuni anachezea kifuniko cha sufuria. Akakiacha. Akageuka, akamwona yule mwanamke wa dirishani, akamtazama kwa muda mrefu, na uso wake wote ukafunguka, akaanza kutambaa, anacheka, mate yanamdondoka, viganja vyake vinapiga zulia pa, pa, pa, anakuja.

Uzito mapajani ukainama mbele.

"Rudi," Mama Kibonge alisema. "Rudi mwanangu. Rudi mpenzi."

Mtoto akafika miguuni. Akashika kitambaa cha kanga, akajiinua kwa magoti, akanyoosha mikono yote miwili juu, vidole wazi, abebwe.

"Toka!" Alipiga kelele ya kumtisha mbwa, akakunja uso mpaka hakuutambua mwenyewe kwenye kioo cha dirisha. "Toka hapa! Sikutaki! Nenda! Sikutaki!"

Mdomo wa Kibonge ukapinda, ukatetemeka. Akaanguka kwa makalio, akalia mpaka akapoteza sauti. Bibi akapanda mbio na vibanio vya nguo mkononi, akamnyakua.

"Mwone! Mnyama ana huruma kuliko wewe. Mtoto wako wa kumzaa?" Akambembeleza, akampangusa kamasi kwa kiganja. "Nyamaza, nyamaza, achana naye huyo. Uko kwangu."

Kibonge akauficha uso shingoni mwa bibi yake, akapiga kwikwi, akapiga kwikwi, akatulia. Halafu akalisema, neno lake la kwanza, wazi kabisa, kwa sauti ya kuchoka.

"Mama."

"Abee, mwanangu," akaitika yule wa dirishani, kabla hajaona kwamba mtoto hakugeuka.