Nukta ya Njano Kwenye Konrodi ya Tatu

Mwizi aliyeingia usiku kwenye yadi ya polisi hakugusa betri. Hakugusa tairi, ingawa mbili zilikuwa mpya, wala redio. Alilala chali chini ya lori la mikate, akafungua sampu, bakuli la oili la chini ya injini, akafanya alichofanya, akaifunga tena na kwenda zake. Mlinzi hakusikia kitu. Mlinzi yule akishashiba, kwa kweli, huwa hasikii kitu.

"Hakuna kilichoibwa, afande," Sajenti alimwambia Inspekta asubuhi. "Nimekagua gari zima. Mwizi wa ajabu huyu."

Inspekta, mama mrefu aliyezoea kuuliza kwa sauti ya chini, alichuchumaa. Injini nzima ilikuwa na vumbi, isipokuwa boliti za sampu. Zile ziling'aa kwa kuguswa na spana.

"Basi hakuja kuiba," alisema.

Lori lilikuwa kielelezo. Wiki moja nyuma injini yake ilikwama ghafla barabarani, magurudumu ya nyuma yakajifunga, likaserereka hadi ukingoni na kumuua fundi viatu aliyekuwa ameketi kwenye kibanda chake. Dereva, kijana asiyefika miaka thelathini, alikuwa mahabusu, na tangu siku ile alikuwa na kauli moja tu: injini ilikufa, hajui kwa nini. Asubuhi hii ndiyo injini ilipangwa kufunguliwa. Ikionekana ilifungwa vibaya, dereva anarudi nyumbani. Ikionekana aliitumia vibaya, anakwenda jela.

Mkaguzi wa magari, bwana mnene asiyependa kuharakishwa, alishusha sampu akaanza kutoa beringi moja moja na kuzipanga juu ya gazeti. Alifika konrodi ya tatu, mkono wa chuma unaoshikilia pistoni. Aliigeuza beringi, akaisogeza kwenye mwanga, akaigeuza tena.

"Hii si ya humu," alisema.

"Fafanua."

"Kranki ndiyo mhimili unaozunguka ndani ya injini. Hii ilishachongwa, imepungua unene, kwa hiyo inavaa beringi nene. Saizi imegongwa mgongoni. Zote hizi ni ishirini. Hii ya konrodi ya tatu ni standadi, nyembamba. Ni kama kumvalisha mtoto kiatu cha baba yake."

"Ikilegea inakuwaje?"

"Oili inavuja pembeni, chuma kinagonga chuma, mwisho injini inakwama."

Sajenti alipangusa mikono. "Kesi imekwisha, afande. Muuaji ni fundi aliyeifunga, na usiku alikuja kuficha uozo wake."

"Angekuja kuficha, angetuachia beringi mbovu?"

Sajenti akajifanya anamfukuza nzi.

Inspekta alimulika kwa tochi. Kila boliti ya konrodi ilikuwa na nukta ya rangi ya njano kichwani. Nukta nyingi zilikuwa zimegeuka kahawia kwa joto la injini, lakini za konrodi ya tatu zilikuwa njano bado. Alizigusa. Rangi ikabaki kidoleni.

"Nukta hizi ni za nini?"

"Ni za Mzee Nukta, fundi wa injini," mkaguzi alisema. "Akishakaza boliti kwa spana ya kipimo, anaitia nukta ili ajue amemaliza nayo. Jina lake limetoka hapo." Alisita kidogo. "Ndiye baba yake dereva."

Inspekta alizitazama beringi juu ya gazeti. Zilikuwa zimeungua zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Aliuliza maswali mawili zaidi, akapanda kwenye kiti cha dereva. Kwenye dashibodi kulikuwa na kipande kidogo cha utepe mweusi wa umeme. Alikibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na taa ya oili, inayowaka oili ikipungua. Alikitia kipande kile kwenye bahasha ya vielelezo bila kumwambia mtu.

Gereji ya Mzee Nukta, walikokwenda Inspekta na Sajenti, ilikuwa imefagiwa hadi uvunguni mwa meza. Spana zilining'inia ukutani kwa ukubwa wake. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, hana anachofanya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua mtakuja."

"Injini ya lori la mikate aliifunga nani?"

"Mimi. Peke yangu."

"Ilikuwa nzima?"

"Haikuwa nzima. Konrodi ya tatu niliivalisha standadi. Macho haya hayaoni tena namba ndogo. Nikamateni mimi, mwacheni mtoto."

"Umejuaje kama ni ya tatu? Injini imefunguliwa leo."

Mzee alitazama sakafu yake safi. Inspekta alimwonyesha kidole chake chenye rangi ya njano.

"Rangi yako haijakauka, mzee."

"Haya, niliingia," alisema hatimaye. "Nilikwenda kuhakikisha kosa langu. Nikalikuta, nikafunga kama lilivyokuwa."

"Ukatia na nukta."

"Nilishaanza kutambaa nitoke. Mkono ukakataa. Nikarudi nikazitia."

"Na boliti ulizikaza vipi?"

"Kwa kipimo."

"Kwenye injini iliyokufa, mzee?" Sajenti aliuliza. "Usiku, chini ya gari, polisi wako pembeni?"

Mzee alimtazama kama anayemsikitikia. "Boliti haikazwi kwa kukisia, kijana."

Kituoni, mjane wa fundi viatu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kama jana na juzi. Mzee alipita mbele yake akiwa ameinamisha kichwa. Dereva naye alitolewa mahabusu, akaketishwa mezani akitazamana na baba yake. Hakuwa ameambiwa lolote, na alimtazama mzee kwa hofu.

"Baba yako amekiri," Inspekta alisema. "Anasema injini ilikufa kwa sababu aliifunga vibaya."

"Ndivyo ilivyo," mzee alidakia. "Andikeni nitie sahihi."

"Siwezi, mzee. Injini ile ilikimbia miezi minane tangu uifunge. Ingekuwa na beringi ile tangu mwanzo, ingekimbia muda gani?"

Mzee alishika ukingo wa meza.

"Nimemuuliza mkaguzi. Ingeanza kugonga siku ile ile, na wiki isingeisha. Pia ingeungua hiyo moja tu. Lakini zimeungua zote sawasawa, maana yake zote zilikosa oili. Ulichukua beringi chakavu kwenye takataka zako ukaipachika. Za kwako zilikuwa saizi yake, mahali pake. Kazi yako haikuwa na dosari hata moja."

"Usiseme hivyo, mama," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Nimezeeka. Fundi mzee anakosea. Kila mtu atakubali."

"Nukta zako zimekataa."

Kijana aliinamia meza. "Baba. Umewaambia watu kwamba huwezi kufunga injini?"

"Nyamaza, mwanangu."

"Umewaambia huoni?"

"Nimesema nyamaza."

Inspekta alifungua bahasha akaweka kipande cha utepe mweusi mezani. Kijana alikitazama, kisha akakisukuma kwa kidole kama anayejaribu kukiondoa pale, na machozi yakamtoka.

"Sampu iligonga jiwe, oili ikaanza kuvuja," alisema. "Taa ya oili ikawaka siku ile ile. Nikasema nitaangalia kesho. Kesho mikate ikachelewa, nikasema kesho kutwa. Ilikuwa inaniudhi machoni, nikaibandika utepe. Baba alipokuja kuniona mahabusu nilimweleza. Nilimweleza yeye tu. Sikumtuma afanye hivi, naapa."

"Hakunituma," mzee alisema. "Ni mwanangu, afande. Sina mwingine. Nilisema jina langu limeshanilisha kutosha, na hilo liende, yeye abaki."

Sajenti aliandika bila kuinua kichwa. Mzee angeshtakiwa kwa kuvuruga ushahidi, na kijana kwa kusababisha kifo. Lilibaki swali moja, na Inspekta alilazimika kuliuliza.

"Kwa nini hukusimama? Wewe ni mtoto wa fundi. Unajua taa ile inasema nini."

Kijana hakumtazama Inspekta. Alimtazama mzee.

"Injini ile uliifunga wewe, baba. Nilijua haiwezi kufa."

Nje ya mlango mjane alikohoa. Inspekta alisimama, akavaa kofia yake.

"Yule mama anangoja jibu tangu juzi," alisema. "Lazima niende nimwambie kilichomuua mume wake."

Mzee Nukta naye alisimama, akishikilia meza.

"Niende mimi," alisema. "Nitamwambia injini ilikuwa nzima."