Emilian na Poti ya Kijani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Penina alifua suruali za mdogo wake, Emilian. Kwao Mbulumbulu maji ya asubuhi ni ya baridi kali, na vidole vyake vilikufa ganzi. Emilian alikuwa ametimiza miaka mitatu, lakini bado alijisaidia katika nguo, kisha akajificha nyuma ya ghala la mahindi.

Jioni moja mama yao, Rozalia, aliyekuwa kibarua katika shamba la kahawa, alimwita Penina.

"Mwanangu, bibi yako anayekaa na Emilian mchana anarudi Singida mwezi ujao, na mimi siwezi kuacha kazi. Mwalimu Sabina wa chekechea atampokea Emilian akishajua kwenda choo. Asipojua, itabidi wewe ubaki naye nyumbani."

Penina alikuwa darasa la sita, na alipenda sana shule. Usiku huo alilia kimyakimya.

Kesho yake, Emilian alipochafua suruali tena, Penina alimshika mkono akamvuta hadi chooni. Mtoto alilia, akang'ang'ania mlango. Mama Ngoyai, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa akipita njiani, akasikia kilio, akaingia uani.

"Umemuuliza anaogopa nini?" alisema.

Penina alichutama mbele ya mdogo wake. "Emi, unaogopa nini?"

"Shimo," Emilian alinong'ona. "Nitaanguka."

Penina alimwachia mkono. Hakuwahi kufikiria jambo hilo.

"Mtafutieni poti ya kujisaidia," Mama Ngoyai alisema. "Mketishe kila akiamka na kila akimaliza kula. Akifanikiwa, msifu palepale, umpe kitu anachokipenda. Akikosea, msafishe bila kumgombeza."

Bibi, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alicheka. "Sisi watoto wetu tuliwachapa, wakajua."

Hata hivyo, Jumamosi mama alirudi kutoka mnadani Karatu na poti ndogo ya kijani. Penina aliiweka karibu na mlango wa jikoni. Siku za kwanza Emilian aliketi, akaimba, akainuka, halafu akajikojolea pembeni. Penina alikunja ngumi, lakini akamsafisha tu na kusema, "Tutajaribu tena baada ya uji."

Siku moja baada ya uji, sauti ya maji ilisikika ndani ya poti. Emilian alichungulia, akashangaa.

"Umeweza, Emi!" Penina alipiga makofi. "Umekojoa kwenye poti kama mtu mkubwa." Akamkabidhi punje za mahindi awatupie kuku, kazi aliyoipenda kuliko zote. Kisha wakanawa mikono kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi, kile kidumu cha kunawia kinachochuruzisha maji.

Tangu hapo Emilian aliitafuta poti mwenyewe. Zilikuwapo siku za kukosea, hasa alipokolewa na michezo, lakini zilizidi kupungua. Alipozoea, Penina alisogeza poti hadi mlangoni mwa choo, halafu ndani. Jirani yao Emmanueli, fundi seremala, aliwatengenezea mfuniko wa mbao wa kuziba shimo la choo, wenye tundu dogo. Emilian alichutama juu yake akimshika dada yake mkono, na baadaye bila kushikwa. Sasa hakuhitaji tena mahindi, sifa zilimtosha. Bibi naye akaanza kupiga makofi, na siku ya kuondoka alisema, "Penina, hili hata mimi sikulijua."

Siku ya kwanza ya chekechea, Penina aliomba ruhusa ya kuchelewa shuleni, akamsindikiza mdogo wake pamoja na mama. Emilian alikuwa akipanga vizibo vya chupa na wenzake. Ghafla aliacha vizibo, akamwendea Mwalimu Sabina.

"Mwalimu, nataka choo."

Alikwenda, akarudi na suruali kavu na mikono inayodondosha maji. Aliwatafuta mama na dada kwa macho, akatabasamu. Penina alimpungia mkono.

Njiani mama alisimama, akamshika binti yake bega.

"Nimeona ulivyojizuia alipokosea, na ulivyofurahi alipoweza. Mtoto hajifunzi akiwa na hofu, Penina. Hujifunza kidogo kidogo, akiwa na mtu mvumilivu anayeona kila anachofanya vizuri. Mtu huyo alikuwa wewe, nami najivunia kukuzaa. Haya, wahi darasani."

Penina alikimbia kuelekea shuleni, akicheka peke yake.