Kilichotetemeka Bila Betri

Gemu ya mkononi ilitetemeka juu ya meza ya fundi, na betri yake ilikuwa pembeni, imeshatolewa. Fundi akasonya, akasema ni umeme uliobaki. Mafundi hawakosi jibu.

Gemu ilikuwa ya binti yake wa pekee, kiziwi tangu kuzaliwa, na kwa muda mrefu ilikuwa imemgombanisha na mkewe. Fundi alishikilia kwamba mtetemo ni pambo tu, unamaliza chaji na kulegeza skrubu. Alikuwa ameung'oa hata kwenye gemu ya mtoto.

"Wateja wako wana masikio," mkewe alikuwa amemwambia. "Mwanao anasikia kwa viganja. Mrudishie."

Ndiyo kwanza alikuwa ameurudisha, shingo upande, kwa kufunga mota ya mtetemo aliyoichomoa kwenye gemu ya marehemu mmoja, ambayo ndugu zake waliitelekeza mlangoni pake na kuondoka mbio. Kwake kipuri kilikuwa kipuri.

Tangu arudishiwe gemu, binti akawa haambiliki. Alicheza akiwa ameibana gemu kwenye taya, amefumba macho, akicheka peke yake. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Mama alipomuuliza kwa ishara anacheka nini, alijibu kwa vidole: Kuna mtu ananisemesha. Anasema baba aliomba nife, siku alipojua sisikii.

Mama alimfuata fundi mezani pake. Mumewe aliwahi kuomba hivyo kweli, na alimwambia yeye tu.

"Tuite mganga," alinong'ona, ingawa mtoto asingesikia hata kama angepiga kelele.

Mganga alikuja mchana, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi. Aliweka kiganja juu ya gemu, akakiondoa haraka.

"Huyu anatafuta mwili," alisema kwa sauti ya chini. "Baba, wewe ndiye uliyemweka, mtoe wewe. Shika hiyo mota kwa kibano. Isikuguse."

Fundi akaanza kufungua skrubu, na gemu ikatetemeka mikononi mwa mkewe aliyemshikia, na meza ikatetemeka, na vioo vya dirisha, na harufu ile ikawapanda puani mpaka macho yakawatoka machozi, na binti akamng'ang'ania baba yake shati, akilia kwa ile sauti yake isiyo na maneno, akimsihi kwa vidole asimnyang'anye mtu aliyemwambia ukweli, na fundi, akiwa ameshaichomoa mota kwa kibano, ili apate mkono wa kumsukuma, akafanya alichozoea kufanya kazini kila mikono inapojaa: akaibana mota kwa meno.

Kila kitu kikatulia. Harufu ikakatika. Fundi akaitema mota mezani, ikalala tuli.

Mganga alimtazama fundi, akachukua mfuko wake. "Mimi hapa siwezi tena," alisema taratibu, akaondoka.

Binti alifuta machozi. Akamsogelea baba yake, akaegemeza taya kifuani pake, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu na kuonyesha kitu kwa vidole.

"Anasema nini?" fundi aliuliza.

Mkewe alimtafsiria. "Anasema sasa anamsikia yule mtu vizuri zaidi."

Mtoto akainua vidole gumba viwili, akavibandika kwenye mbavu za baba yake, akabonyeza. Moyo wa fundi ukatetemeka, ukasimama. Akabonyeza tena, ukaendelea. Binti akacheka, akavuta kiti, akajiweka sawa mbele yake, akaanza kucheza.